Paka ndani ya kiroba



Siku moja baada ya swala ya Alasiri, watoto wawili wa madrasa walitujia na kiroba cha unga kilichofungwa kwa kamba. Walikiokota karibu na jalala la soko, hapa Buyenzi, baada ya kusikia sauti ndani yake. Tulipokifungua tulikuta vitoto vinne vya paka. Viwili vilikuwa vimekwisha kufa. Viwili vilikuwa hai, macho yamefumbuka lakini miguu haijapata nguvu.

Hatukuuliza ni nani aliyevitupa, maana maswali ya namna hiyo mtaani hayana mwisho mwema. Lakini mmoja wa wale watoto alisema maneno yaliyotufanya tukae kitako tufikiri. Alisema kwao pia paka akizaa, mama yake huvipeleka vitoto sokoni, na kwamba hilo halina makosa, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa ukishindwa kumlisha paka umwache aende akajitafutie.

Hadithi anayoikusudia mtoto huyu ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.). Inamhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfunga mpaka akafa. Hakumpa chakula, wala hakumwachia ale wadudu na vinyama vya ardhini. Kwa hiyo njia zilizokuwa wazi kwa mwanamke yule zilikuwa mbili: kulisha au kuachia. Mtoto ameishika ile ya pili. Je, mama yake ameitekeleza?

Tulipotaka kumjibu tuliona kwamba kwanza inabidi tumjue paka mwenyewe: ametoka wapi, ameingiaje majumbani mwetu, na anaweza kufanya nini bila sisi. Ndiyo maana makala haya yana historia nyingi kidogo kuliko kawaida yetu. Wazazi, tunaomba muwasomee watoto, hasa wale wenye paka nyumbani.

KUZOESHA SI KUFUGA

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Majirani zetu wa Kongo wanao mfano unaoeleza vizuri. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati nchi ile ikiwa chini ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kilianzishwa kituo mahali paitwapo Api, kaskazini mashariki, cha kufundisha tembo kazi. Baadaye kazi hiyo ilihamia Gangala na Bodio. Tembo wadogo walikamatwa porini, wakafundishwa kuvuta mikokoteni na kulima, wakamsikiliza mtu aliyekaa shingoni. Mtu aliyewaona angeweza kusema tembo amefugwa. La, hakufugwa. Alizoeshwa. Akifa huyo, inabidi kurudi porini kukamata mwingine na kuanza upya.

Kufuga ni jambo la vizazi. Watu wanachagua mnyama mpole au mwenye maziwa mengi, wanamzalisha yeye na kumwacha mkali, na baada ya mamia ya miaka wanapatikana wanyama wenye mwili na tabia nyingine kabisa. Mbuzi, kondoo na ng'ombe walifugwa hivyo kiasi cha miaka 10,000 iliyopita katika nchi ambazo leo ni Uturuki, Iraki, Irani na jirani zake. Ng'ombe wa pori aliyekuwa babu wa ng'ombe wale hayupo tena duniani. Wa mwisho alikufa Poland mwaka 1627. Mbwa alitangulia kuliko wote, tangu watu wakiwa bado wawindaji wasiojua kulima. Huko Ujerumani, mahali paitwapo Bonn-Oberkassel, kuna mbwa aliyezikwa pamoja na watu zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Na punda, ambaye tunamdharau mpaka jina lake tumelifanya tusi, ni mzawa wa kwetu Afrika. Utafiti wa chembe za urithi uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kuwa alifugwa mara moja tu, upande huu wa mashariki ya bara letu, kiasi cha miaka 7,000 iliyopita.

Wote hao binadamu aliwataka kwa kazi fulani: nyama, maziwa, mzigo, uwindaji. Paka hakutafutwa na mtu. Hana maziwa ya kukamua, habebi mzigo, hata ukimwita haji ila akipenda.

PANYA NDIYE ALIYEANZA

Watu walipoanza kulima ngano na shayiri, walianza pia kuweka akiba. Akiba ilivuta panya. Panya nao walimvuta paka mwitu, yule mdogo mwenye rangi ya mchanga ambaye mpaka leo yuko katika mbuga za Kenya, Tanzania na Uganda, na ambaye wengine humwita kimburu. Mtu hakuwa na sababu ya kumfukuza mnyama asiyekula nafaka, bali anakula wanaokula nafaka. Basi aliachwa. Yule mwenye woga mwingi alirudi porini, yule aliyevumilia harufu ya watu alibaki na kuzaa karibu na ghala. Yaani paka alijichagua mwenyewe.

Mwaka 2004 wataalamu waliokuwa wakichimba katika kisiwa cha Saiprasi walitangaza kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita. Ndani yake alilazwa mtu, na sentimita 40 tu kutoka kwake alilazwa paka mwenye umri wa kama miezi minane. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo paka alipelekwa huko kwa chombo, akivushwa bahari na watu waliomthamini. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa chembe za urithi za paka 979, wa mwitu na wa nyumbani, na ikadhihirika kwamba paka wote wa nyumbani duniani, wa Bujumbura na wa London, babu yao ni yule paka mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba paka wa nyumbani walienea Ulaya pamoja na wakulima wa kwanza. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2025 umelirekebisha hilo. Paka wale wa zamani sana walikuwa bado wa mwitu, na paka wa nyumbani kwa maana tunayoijua aliingia Ulaya kutoka Afrika ya Kaskazini kiasi cha miaka 2,000 tu iliyopita. Hata yule wa Saiprasi huenda alikuwa kama tembo wa Api, aliyezoeshwa tu. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi paka alivyochelewa kuwa wetu. Mbuzi ana miaka 10,000 ya kuchaguliwa na mchungaji. Paka amekaa nasi kwa muda mrefu akiwa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, na mwili wake haujaachana sana na ule wa porini. Mifupa yake na ya kimburu hata wataalamu huhangaika kuitofautisha.

Misri ndiko alikopata cheo, na cheo hicho kilimponza. Wamisri wa kale walimhusisha na mungu wao wa kike, Bastet, aliyeabudiwa katika mji wa Bubastis. Herodotus, mwandishi Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Nabii Isa (a.s.), ameandika kwamba paka akifa katika nyumba, wenye nyumba walinyoa nyusi zao kwa msiba. Mwandishi mwingine, Diodorus, alishuhudia Mrumi aliyeua paka akishambuliwa na umati mpaka akauawa, hata ofisa wa mfalme hakuweza kumwokoa.

Ungedhani paka wa Misri aliishi peponi. Kumbe kwenye mahekalu kulikuwa na paka waliozalishwa kwa wingi ili wauawe wakiwa wadogo, wakaushwe, wafungwe vitambaa na kuuzwa kwa mahujaji kama sadaka ya hekalu. Maiti hizo zilipopigwa picha za eksirei, nyingi zilionekana zimevunjwa shingo. Mwaka 1890 maiti za paka kiasi cha 180,000, uzito wa tani 19, zilisafirishwa kwa meli hadi Liverpool, Uingereza, zikasagwa kuwa mbolea ya mashamba. Mnyama aliyetukuzwa kupita kiasi aliishia kuwa bidhaa.

ALIVYOISHI NA MASAHABA

Uislamu ulipokuja haukumwabudu paka wala haukumtukana. Ulimweka mahali pake. Abu Qatada (r.a.) aliingia nyumbani kwa mwanawe, na mkwewe, Kabsha binti Kaab bin Malik, akamwekea maji ya udhu. Akaja paka anataka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha akabaki anashangaa, naye akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwa kuwa ni katika wale wanaozunguka zunguka miongoni mwenu. Hadithi hii imo katika Muwatta wa Imam Malik na katika Sunan, na Tirmidhi amesema ni hasan sahih.

Tazameni sifa aliyopewa: mwenye kuzunguka. Hakuitwa mfungwa wala mali. Anaingia, anatoka, anapita kati ya vyungu na miguu ya watu, kwa hiyo sheria imetuondolea taabu ya kuosha kila anachogusa. Anayejua historia tuliyoieleza hapo juu ataona jinsi sifa hiyo inavyomwelekea mnyama huyu barabara.

Na Abu Hurayra (r.a.), ambaye majina yetu mengi ya "Hurayra" yanatokana naye, alieleza mwenyewe asili ya lakabu yake. Alipokuwa akichunga mbuzi wa jamaa zake alikuwa na kipaka kidogo. Usiku anakiweka juu ya mti, mchana anakwenda nacho machungani na kucheza nacho. Sisi kila tukiisoma habari hii hutusimamisha ule mti. Alikuwa mtu maskini, hana kibanda cha kipaka, lakini alihakikisha hakilali chini kikaliwa.

Hapa hatuna budi kuwasahihisha baadhi ya wasomaji wanaotutumia visa. Kile kisa cha Mtume (s.a.w.) kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aitwaye Muezza hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, kisa kinachofanana nacho husimuliwa kuhusu Sheikh Ahmad ar-Rifai, aliyeishi karne nyingi baadaye. Na yale maneno kwamba kupenda paka ni sehemu ya imani, wanazuoni wameyahesabu katika yaliyozuliwa. Tuache kuyasambaza. Yaliyo sahihi yanatosha.

Katika historia ya Waislamu kuna wakfu mmoja tunaoupenda sana. Sultani Baybars wa Misri, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277 na kupigana na Wamongoli na Wapiganamsalaba, aliweka bustani karibu na msikiti wake nje ya Cairo kuwa wakfu wa kulisha paka wasio na wenyewe. Miaka zaidi ya 550 baadaye, Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo, aliandika katika kitabu chake cha 1836 kwamba paka walikusanyika kila siku alasiri katika ua wa mahakama ya kadhi na kuletewa chakula. Bustani yenyewe ilikuwa imeuzwa na kuuzwa tena, ikabakisha kodi ndogo tu, lakini kadhi aliendelea kulisha kwa kuwa lile jukumu lilikuwa juu ya cheo chake.

TURUDI KWENYE KIROBA

Sasa tunaweza kumjibu yule mtoto. Paka mzima, mwenye afya, aliyefundishwa kuwinda na mama yake, kweli anaweza kujitafutia, na hii ndiyo njia ya pili ya Hadithi. Mbuzi au kuku huwezi kumfanyia hivyo, ataliwa usiku wa kwanza. Lakini kitoto cha paka cha wiki tatu hakijui kuwinda. Macho yake hufumbuka baada ya wiki moja au mbili, na hunyonya mpaka karibu wiki nane. Kukitoa kwa mama yake kabla ya hapo ni kukiua kwa njaa, na kukitia ndani ya kiroba ukafunga kamba ni kufunga vilevile. Yule mwanamke alilaumiwa kwa kufunga bila kulisha. Kamba ya kiroba ina tofauti gani na kamba yake?

Na hata paka mkubwa, soko la leo si porini. Panya wengi wa mjini wamekula sumu, na paka akimla panya mwenye sumu naye hufa, tena kwa kutokwa damu ndani kwa ndani siku kadhaa. Anayesema "nimemwachia" aangalie kwanza anamwachia wapi.

Basi anayefuga afuge kweli. Tuanze na chakula, maana hapo wengi tunakosea. Paka ni mla nyama kwa umbile. Mwili wake unahitaji kitu kiitwacho taurini kinachopatikana katika nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu hupofuka na moyo wake hudhoofu. Ugali na mchuzi pekee haumtoshi. Sisi tunaokaa kando ya ziwa hatuna udhuru, kwani vichwa vya samaki na ndagala waliochemshwa bila chumvi humsaidia sana, pamoja na mabaki ya matumbo ya kuku yaliyopikwa. Vitunguu asiwekewe, vinaharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, ingawa picha za vitabuni zinatuonyesha bakuli la maziwa; maji safi ndiyo bora. Wala asipewe kidonge cha panadol hata kipande, kinamuua.

Uzazi nao usiachwe ujiendee. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, hubeba miezi miwili na siku chache, na baada ya kuzaa hachukui muda kushika nyingine. Viroba vinatoka hapo. Kuhasi ni jambo ambalo wanazuoni wamekhitalifiana. Wako waliokataza, na wako wengi wa zama zetu walioruhusu panapokuwa na haja na lisimdhuru mnyama. Muulizeni sheikh wenu, kisha muulizeni daktari wa mifugo. Asifanye mtu kwa wembe nyumbani, hiyo ni kutesa.

Kichaa cha mbwa huambukizwa pia na paka. Karibu wagonjwa wote wa binadamu hupata kwa mbwa, lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa naye huwa hatari, kwa hiyo achanjwe, na chanjo irudiwe kama daktari atakavyoelekeza. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mnyama asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Msingoje dalili. Dalili zikishaonekana hakuna dawa, na tumekwisha kuzika mtoto mtaani kwetu kwa sababu ya kungoja.

Kina mama wajawazito huambiwa wamfukuze paka. Si lazima. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma ambacho paka huweza kukitoa kwenye kinyesi, nacho hudhuru mimba, lakini huhitaji siku moja au zaidi ndipo kiweze kuambukiza. Mtu mwingine wa nyumbani akiondoa kinyesi kila siku, na mjamzito asikiguse, na nyama ipikwe ikaiva, hofu hupungua sana.

Kuhusu mbwa hatutasema mengi leo, ila kwamba ruhusa yake ya uwindaji, mifugo na shamba inajulikana, na anayemfuga kwa ruhusa hiyo asimfunge mnyororo juani kutwa bila maji. Mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake alisamehewa dhambi zake.

Vile vitoto viwili tulivilisha kwa bomba la sindano maziwa tuliyoshauriwa na daktari wa mifugo. Kimoja kilikufa usiku wa tatu. Cha pili sasa kinazunguka jikoni kwa madrasa, watoto wamekiita Hurayra, kinakula ndagala na kuwachana watoto nguo.

Mama wa yule mtoto alitujia Ijumaa iliyofuata. Tulidhani amekasirika. Alikuja kuuliza kuhusu kuhasi, na tulipomtajia gharama alinyamaza kidogo, akasema hiyo ni posho ya nyumba nzima kwa siku kadhaa, na paka wake ana mimba tena. Tumezungumza na kamati ya msikiti juu ya kisanduku kidogo cha kusaidia familia kama yake, kwa mfano wa ile bustani ya Baybars. Kamati bado haijaamua. Baadhi ya wajumbe wanasema kuna mayatima wa kuanza nao, na hatuwezi kusema wamekosea. Tumemwomba yule mama avilee vitoto hadi wiki nane, na mpaka sasa familia tatu zimejiandikisha kuvichukua.